Choo, Mfereji na Bahari: Historia ya Maji Machafu katika Mji wa Unguja

Mwenye kuandika habari za Mji Mkongwe wa Unguja aghalabu huanza na milango. Huieleza michoro yake, misumari yake ya shaba na minyororo iliyochongwa kwenye miimo, kisha hukaa barazani, hupanda ghorofani kuzisifu roshani, akashuka uani na kutoka. Chumba kimoja hukipita bila ya kukitazama, nacho ni choo. Sababu ni haya, na haya ni jambo jema. Lakini mwanahistoria akiona haya kupita kiasi huacha nusu ya habari nje. Mji hauishi kwa kinachoingia tu. Huishi pia kwa namna unavyokitoa kinachotoka.

Lugha yetu yenyewe imekizungushia chumba hicho pazia. Mtu haendi chooni; huenda msalani, huenda haja, hujisaidia. Kujisafisha kwa maji kuna neno lake la mitaani, kuchamba, na neno lake la darsani, kustanji. Na kuusukuma uchafu kwa maji tumekuita kuvuta, kwa kuwa vyoo vya kwanza vya namna hiyo tulivyoviona vilikuwa na tangi juu ukutani na mnyororo wa kuvutia. Minyororo imekwisha kuondoka katika nyumba nyingi, neno limebaki. Pamoja na neno imebaki imani moja, kwamba kilichovutwa kimekwenda kwengine na mwenye nyumba hahusiki nacho tena. Makala hii inakusudia kuonesha, kwa ushahidi wa historia ya mji huu, kwamba kisiwani huko kwengine hakupo, na kwamba imani hiyo imetugharimu watu, nyumba na bahari.

Kwanza tuondoe dhana moja. Wapo wanaodhani kwamba usafi wa chooni uliletwa Pwani na Wazungu. Na watazame magofu. Katika mji wa Gedi, karibu na Malindi, ambao James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948, nyumba za mawe zilizohamwa karne nyingi zilizopita zilikutwa na vyoo vya shimo ndani ya nyumba, na kando yake mahali palipojengwa makusudi kwa ajili ya maji ya kustanjia. Sir John Harington alipowaeleza Waingereza wenzake, mwaka 1596, juu ya choo chake cha kusukuma uchafu kwa maji, Gedi ulikuwa tayari ni mji mkongwe. Katika nyumba za Lamu, choo kilikuwa na birika la kujengwa kwa mawe na chokaa, na ndani ya birika wenyeji walifuga visamaki ili vile viluwiluwi vya mbu. Katika baadhi ya mabirika, bakuli la kaure lilipachikwa chini kabisa ili samaki wapate pa kukaa maji yanapopungua. Watu waliofikiria mpaka pumziko la samaki wa chooni hawawezi kuambiwa kwamba hawakujua usafi.

Choo cha nyumba ya mawe kilikuwa na kanuni zake. Shimo lilichimbwa kwenda chini sana. Kikao kilielekezwa upande ambao mtu hakielekei kibla wala hakipi mgongo. Choo cha ghorofani kilikuwa na njia iliyojengwa ndani ya ukuta mpaka shimoni. Kilichoingia humo kilikuwa ni kile kilichotoka mwilini na maji machache ya kata, basi. Karatasi haikutumika, na vitambaa havikutupwa. Mwari alipofundwa na somo wake, miongoni mwa mambo ya mwanzo aliyofundishwa ni namna ya kuitunza sodo, kuifua na kuianika pasipoonekana na watu. Hakuna aliyemwambia aitie shimoni, kwani shimo lilikuwa chini ya nyumba hiyo hiyo, na likijaa kabla ya wakati wake aliyeumia ni mwenye nyumba.

Hata hivyo tusiwapambe wazee wetu kuliko walivyokuwa. Shimo lilikuwa na kasoro moja kubwa, nayo ilikuwa chini ya ardhi pasipoonekana. Sehemu kubwa ya Mji Mkongwe na visiwa vyetu imekaa juu ya matumbawe ya kale, na jiwe hilo lina matundu mengi. Maji ya shimo hupenya, yakatafuta njia, na njia hiyo mara nyingi huelekea kwenye kisima. Muda wote ambao mji ulikuwa mdogo, ardhi iliustahamilia. Mji ulipokua katika karne ya kumi na tisa, baada ya Sayyid Said kuufanya makao ya dola yake na biashara ya karafuu, pembe na watumwa kuujaza watu, ardhi ilishindwa.

Si watu wote wa mji waliokuwa na shimo. Wakati katika jumba la Mtoni, kama alivyosimulia Salme binti Said katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, kulikuwa na safu ya nyumba za kuogea zenye mabirika, na wakati Sayyid Said alikuwa amejenga hamamu ya Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, maelfu ya watumwa, mabaharia wa msimu na wapagazi hawakuwa na pa kwenda ila ufukweni. Pwani ya mji na ile ghuba ndogo iliyoutenganisha mji wa mawe na Ng'ambo zikawa jaa na choo cha wote. David Livingstone alipopita hapa mwaka 1866 aliandika kwa uchungu juu ya uvundo wa ufukwe huo, akalichezea jina la kisiwa kwa kuliunganisha na neno la Kiingereza lenye maana ya kunuka. Wageni wengi wameyakariri maneno yake kwa kicheko.

Wanaocheka wangefaa kukumbuka kwamba miaka minane tu kabla yake, katika majira ya joto ya mwaka 1858, mto Thames ulinuka hata wabunge wa Uingereza wakalazimika kuyatia dawa mapazia ya madirisha yao ili waweze kukaa kikaoni. Jambo lililouharibu mto huo ni lile lile tunalolizungumzia. Vyoo vya kusukuma maji vilikuwa vimeenea katika nyumba za London, na maji yaliyokuwa yakiishia mashimoni yakaelekezwa kwenye mitaro ya mvua, na mitaro ikamimina mtoni, na mto ndio uliokuwa ukinywewa. Mhandisi Joseph Bazalgette akapewa kazi ya kujenga mabomba makubwa ya chini ya ardhi, yaliyofunguliwa rasmi mwaka 1865. Kazi yake iliokoa maisha mengi, lakini nayo ilikuwa na kwengine kwake. Uchafu haukusafishwa, ulipelekwa mashariki ya jiji, ukafunguliwa mtoni maji yanapotoka. Mwezi wa Septemba 1878 meli ya abiria iitwayo Princess Alice iligongwa ikazama karibu na mahali hapo, muda mfupi baada ya uchafu kufunguliwa, wakafa watu zaidi ya mia sita.

Mwisho wa mwaka huo huo wa 1858 ambao London ilinuka, kipindupindu kilitia nanga Unguja, na hakikuwa mgeni. Kilikuwa kimekwisha kuja katika miaka ya 1830, na kikarudi tena mwaka 1869. Daktari mmoja wa Kiskochi, James Christie, aliyekuwa akitibu watu mjini wakati huo, aliifuata njia ya maradhi hayo kama mpelelezi. Aliwauliza wafanyabiashara wa misafara, mahujaji na manahodha, akagundua kwamba safari hii kipindupindu hakikuja kwa jahazi kutoka Arabuni, bali kilishuka kutoka kaskazini kwa nchi kavu, kikapita katika nchi ya Wamasai hadi Pangani, na kutoka Pangani kikavuka bahari. Kitabu chake kilichapishwa London mwaka 1876, na mpaka leo ni miongoni mwa hazina za historia ya tiba katika Afrika ya Mashariki. Waliokufa walihesabiwa kwa maelfu, na wengi wao walikuwa watumwa na maskini, yaani wale wale waliokunywa maji yaliyokuwa karibu kwa kuwa hawakuwa na mtu wa kuwatekea ya mbali.

Sayyid Barghash aliushika utawala mwaka 1870. Mwaka 1875 alizuru London, akayaona mambo ya mji ule. Miongoni mwa kazi alizozifanya katika utawala wake, kubwa kupita majumba yote aliyoyajenga ni kuyaleta mjini maji ya chemchemi kutoka upande wa Bububu, watu wakateka bila ya malipo. Kazi hii imeacha alama katika lugha. Bara maji safi ni ya bomba. Unguja ni ya mfereji. Barghash pia alijenga hamamu ya umma, na mtaa ulioizunguka ukaitwa Hamamni mpaka leo, ingawa hamamu yenyewe imeacha kufanya kazi tangu karne iliyopita.

Hapa ndipo historia inapotaka kusomwa kwa makini. Mfereji uliingiza maji mjini, lakini haukuyatoa. Nyumba iliyokuwa ikitumia ndoo chache kwa siku sasa iliweza kutumia nyingi, na zote zilitafuta pa kwenda: uani, uchochoroni, shimoni, pwani. Neema ya upande mmoja ikawa mzigo wa upande wa pili. Baadaye, katika zama za Waingereza, mji wa mawe ulipata mitaro na mabomba ya chini ya ardhi yaliyotoa maji machafu na ya mvua kwa pamoja na kuyamimina baharini. Wataalamu waliitwa. W. J. Simpson alikuja kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza kuangalia hali ya afya, na H. V. Lanchester akachapisha mpango wake wa mji mwaka 1923. Katika fikra za mipango hiyo, usafi na utengano wa watu vilikwenda pamoja, na ile ghuba baina ya mji na Ng'ambo ilionekana kuwa mpaka unaofaa. Ghuba ilifukiwa kidogo kidogo, na leo pale ilipokuwapo pana barabara na soko la Darajani. Lakini upande wa pili, ambako ndiko walikoishi wengi, watu waliachiwa mashimo yao.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali ilikusudia kuuvunja mpaka huo. Maghorofa ya Michenzani, yaliyoanza kujengwa kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, yalizipa familia nyingi choo cha kuvuta ndani ya nyumba. Lilikuwa jambo la heshima. Mtu ambaye babu yake alikwenda ufukweni alipewa ufunguo wa nyumba yenye choo cha kaure. Tatizo ni kwamba choo cha kuvuta ni chombo kinachodai maji mengi na kwa wakati, na maji hayakupanda kila ghorofa kila siku. Watu wakabeba ndoo. Choo kilichotengenezwa ili kisukumwe kwa tangi zima kikasukumwa kwa kopo.

Inafaa msomaji aelewe kwa nini jambo hilo lina uzito. Chini ya kila choo cha kuvuta pana bomba lililopindwa mfano wa shingo ya bata. Pindo hilo, ambalo Alexander Cummings alilipatia hataza huko London mwaka 1775, hubakisha maji kidogo ambayo huzuia uvundo wa bomba usirudi chumbani. Ndilo lililomwezesha mtu kuweka choo karibu na chumba cha kulala. Lakini pindo hilo hilo ndipo mahali penye wembamba na kona. Kinyesi hulainika kikapita. Tambara, pamba, pedi, nepi, mfuko wa plastiki na vile vitambaa vya maji vya kufutia watoto havilainiki. Hukwama penye kona, na maji yakiwa machache hukwama mapema zaidi. Mafuta ya kukaangia yaliyomwagwa yakiwa moto hupita kama maji, kisha hupoa njiani, yakaganda na kukamata mchanga, nywele na mabaki ya wali. London imeyaona hayo kwa kipimo kikubwa. Mwezi wa Septemba 2017, katika bomba la Whitechapel, lilikutwa donge la mafuta na vitambaa lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130 hivi, na kipande chake kikawekwa katika jumba la makumbusho mwaka uliofuata.

Nyumba nyingi zetu nje ya Mji Mkongwe hazikuunganishwa na bomba lolote la mji, zina karo. Karo si pipa la taka. Ni kiwanda kidogo ambamo vijidudu visivyoonekana huula uchafu, uzito ukatuama chini, mafuta yakaelea juu, na maji ya katikati yakapita kwenda kwenye shimo la kufyonza. Anayemimina dawa kali za kusafishia kwa wingi huwaua wafanyakazi wake mwenyewe. Anayetia plastiki huujaza mzinga kwa kitu ambacho vijidudu havikili wala gari la kunyonya halikivuti. Karo likishindwa, uchafu hupita mbichi hadi katika matumbawe, na chini ya matumbawe ndipo yalipo maji matamu ya Unguja, yaliyoelea juu ya maji ya chumvi, ambayo ndiyo tunayoyachimba na kuyanywa.

Katika Mji Mkongwe hasara ni ya namna nyengine. Nyumba hizo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa chokaa hupumua. Unyevu huingia ukatoka. Boriti ikiwa kavu hudumu vizazi. Walipohamia wapangaji wengi katika nyumba ya ukoo mmoja, vyoo vya kuvuta vikaongezwa ghorofani, na mabomba yakapitishwa katika kuta ambazo hazikujengwa kwa ajili yake. Tambara moja likikwama, maji hurudi nyuma, yakatafuta kiungo dhaifu cha bomba, yakavuja ndani ya ukuta usiku na mchana. Chokaa hulegea, ncha ya boriti huoza ilipoingia ukutani, na fundi asiyejua hupaka saruji juu yake, akaufungia unyevu ndani. Siku dari inapoanguka watu husema nyumba imezeeka. Mamlaka ya hifadhi ya mji iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji ukaingizwa katika Urithi wa Dunia. Lakini hakuna mamlaka inayoweza kusimama katika kila choo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa wenyewe huanzia mahali ambapo mtu huona haya kutazama.

Yanayofanikiwa kupita yote hayo huishia baharini, na mpaka miaka ya karibuni sehemu kubwa ya maji machafu ya mji imekuwa ikimiminwa humo bila ya kusafishwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995, ambao wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Unguja walishiriki, ulionesha kwamba mwani ule mgumu unaoshikanisha miamba ya matumbawe ulikuwa umepungua karibu na mji, na kwamba fosfeti iliyomo katika maji machafu huuzuia kujijenga. Basi mji uliojengwa kwa matumbawe ya bahari umekuwa ukiilisha bahari kitu kinachoyazuia matumbawe kukua. Na kipindupindu hakikubaki katika kitabu cha Christie. Kilirudi mwaka 1978 na mara nyingi baada ya hapo. Mwaka 2009 maelfu ya watu wa Unguja na Pemba walipewa chanjo, na Serikali imejiwekea mpango wa kukitokomeza ifikapo mwaka 2027. Chanjo ni ngao nzuri, lakini si mbadala wa karo zima na bomba lisilovuja.

Ipo mifano ya njia nyengine, tena karibu. Kisiwani Chumbe, ambacho hifadhi yake ya matumbawe ilianzishwa mwaka 1994, nyumba za wageni zina vyoo visivyovuta maji kabisa. Kinyesi hugeuzwa mboji, na maji ya matumizi ni ya mvua. Haiwezekani kuufanya mji mzima kuwa Chumbe. Linalowezekana ni kuirejesha ile kanuni ya zamani katika vyombo vipya: kwamba katika choo haiingii ila kile kilichotoka mwilini, maji, na karatasi laini kwa anayeitumia, nayo kidogo.

Kanuni hiyo haitosimama kwa mabango. Msichana anayeitumbukiza pedi chooni hafanyi hivyo kwa ukaidi. Anafanya kwa haya, kwa kuwa chooni hamna kitu chengine cha kuitilia, na hataki kutoka nayo mkononi mbele ya kaka zake au wanafunzi wenzake. Somo alijua kulifundisha jambo hili kwa vizazi. Siku hizi somo hayupo, na mama huona haya. Kopo lenye kifuniko, likawekwa katika kila choo cha nyumba, cha skuli na cha msikiti upande wa wanawake, lingeokoa mabomba mengi kuliko dawa zote za kuzibulia zinazouzwa Darajani. Kadhalika mafuta yaliyobaki karaini yapozwe, yatiwe katika chupa na kutupwa pamoja na taka, na dawa zilizopitwa na muda zirudishwe kwa muuza dawa.

Mji nao una wajibu ambao mwenye nyumba hawezi kuubeba. Bomba la mtaa likipasuka, si kosa la aliyevuta maji nyumbani kwake. Wanaotawala maji na hifadhi ya mji wanapaswa kuyaona mabomba ya kutolea kuwa ni sehemu ya urithi sawa na milango, wakayapima, wakayachora katika ramani na kuyatengeneza kabla ya kuta kuanguka, na kuyasafisha maji kabla ya kuyakabidhi baharini. Barghash alituachia mfereji wa kuingiza. Wa kutoa, mtu aliye na nyumba anaweza kuanza kuufuatilia leo: amwite fundi, amwoneshe choo chake, amwulize bomba lile linapita ukuta gani na linaishia wapi.